Sura ya Makuti Manne

Nyanya yangu hakupima sura kwa aya. Alipima kwa makuti. Sura fupi za kuanzia zilikuwa nusu kuti, na mtoto aliyezimaliza zote alianza kuhesabiwa mtu. Kisha zikaja za kuti moja, za makuti mawili, na huko mbele kabisa, kwa wasichana waliokwisha kupiga moyo konde, ilikuwako sura ya makuti manne. Mimi niliijua nikiwa na miaka kumi. Nasema hivyo kwa majivuno wala sioni haya, kwa sababu majivuno yenyewe yalinitokea puani, na mtayasikia.

Kama wewe si mtu wa Likoni, acha nikueleze. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nyumba zetu nyingi zilikuwa bado zinaezekwa kwa makuti, na mahoteli ya Diani nayo yalikuwa hayashibi makuti. Unachukua majani ya mnazi yaliyolowekwa, unayakunja moja moja juu ya ufito, unayafunga kwa uzi wa mwaa. Kunja, pitisha, vuta. Kunja, pitisha, vuta. Ufito ukijaa, hilo ndilo kuti moja. Nyanya alikuwa mjane aliyeishi kwa kazi hiyo, na tangu kabla mamangu hajazaliwa alikuwa pia na chuo cha dini uani kwake, chuo cha wasichana. Ada hakutoza. Aliyeleta mtoto alileta na mikono ya mtoto. Tulikaa chini kwenye jamvi, wasichana kumi na wawili au kumi na watano, kila mmoja na ufito wake. Nyanya anatoa aya, sisi tunaipokea, na mikono inakwenda.

Mzazi mmoja alimuuliza kwa nini asituache tukasoma tu.

"Mtoto mwenye mikono mitupu humfinya mwenziwe," Nyanya akamjibu. "Wewe hukufinya?"

Yule mama akacheka mpaka akajishika mbavu, maana alisomea papo hapo uani, na alifinya kwelikweli.

Usidhani alikuwa bibi wa kubembeleza watoto. Alikuwa mkali, mwenye haraka, na kandambili yake ilikuwa na mazoea ya kuruka kutoka mguuni kuja upande wetu. Haikumpata mtu hata siku moja, na mpaka leo sijui kama ni macho yake au ni huruma yake. Lakini ukikwama katikati ya sura, hakukupiga, wala hakukutajia neno. Alisema, "Rudi fundo moja." Basi unafungua fundo ulilolifunga sasa hivi, unalifunga tena polepole, na neno, wallahi, linakuja lenyewe. Sisi tuliona ni jambo la kawaida. Tulidhani watoto wa dunia nzima husoma hivyo.

Mimi niliishi naye. Mamangu alifanya kazi kiwandani Changamwe, akawa anakuja mwisho wa wiki na mkate wa mjini na maswali mengi. Siku nyingine zote nilikuwa wa Nyanya, nikilala ubavuni pake na kuamka kwa sauti yake, na nilimpenda hivyo alivyo, na kandambili yake na yote.

Nilipokuwa na miaka kumi hiyo ndipo ilipojengwa madrasa mpya karibu na msikiti. Ya matofali, ina madawati, ina ubao mweusi, na saa kubwa ukutani. Ustadhi wake alikuwa kijana aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, kanzu imepigwa pasi mpaka mtu unaogopa kumkaribia, na sauti, mashallah, sauti alipewa. Wazazi wakaanza kunong'ona. "Kule watoto wanasoma. Kwa bibi yule wanashona." Maneno yakazunguka mferejini, yakazunguka sokoni, mwisho yakaingia kwenye kamati ya msikiti. Kamati ikakaa, ikaamua. Jumapili moja ya mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, watoto wa pande zote mbili watasoma mbele ya watu. Wa Nyanya wakisoma vyema, chuo chake kitabaki kama kilivyo. Wakishindwa, wasichana wote watahamia madrasa, naye apumzike.

"Apumzike," Nyanya alirudia, mzee wa kamati alipokwisha kuvuka kizingiti. "Nani aliyewaambia nimechoka?"

Alisema kwa dhihaka, lakini niliona mikono yake. Ilikuwa imesimama. Mikono ya Nyanya haikuwa na desturi ya kusimama, na mimi nikaogopa. Mwanamke yule hakuwa na shamba la kutajika, hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsemea kikaoni. Alichokuwa nacho ni kwamba wanaume wenye mvi walimwamkia njiani, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikia "Marahaba" bila kupunguza mwendo. Kukifungwa chuo, atakuwa bibi mshona makuti, basi. Hilo nililielewa hata kwa akili zangu za kitoto.

Akachagua wasichana watatu, na mimi mdogo wao ndiye niliyewekwa wa mwisho, kwa sababu ya ile sura ya makuti manne. Hakuna mtoto wa madrasa aliyekuwa ameigusa. Juma lote tulidurusu. Ilitokea kwamba tulikuwa pia na makuti ya hoteli ya kumaliza, kwa hivyo tulidurusu huku tunashona, kama siku zote. Niliisoma mara tatu kwa siku bila kukwama pahali. Alhamisi Nyanya akanipa kipande cha halua mbele ya wenzangu, na ukimjua Nyanya utajua kwamba hiyo haikuwa halua, ilikuwa nishani.

Jumamosi mchana akatupaka hina, mikono yote miwili, mpaka kwenye vifundo. "Kesho sitaki mtu aone ukuti hata mmoja," akasema. "Si wamesema tunashona? Basi wakaone mikono ya wanaosoma." Tukachekelea. Mimi nilikuwa nainusa mikono yangu kila dakika, nimejiona bibi harusi.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa kwa mapenzi.

Jumapili ukumbi wa madrasa ulijaa, wanaume mbele, wanawake nyuma na pembeni kwenye mikeka, watoto wamening'inia madirishani. Watoto wa madrasa walianza. Walisoma wima, mikono nyuma, kama maji. Kisha tukaitwa sisi. Mkubwa wetu akasoma sura ya kuti moja, akakwama mara mbili, akaimaliza kwa taabu. Wa pili alifika katikati akaanza kulia, akaketi. Nikasikia wanawake wakinong'ona nyuma. Nikabaki mimi.

Nikasimama. Nikasoma aya ya kwanza, nikasoma ya pili, sauti yangu ikanipendeza mwenyewe. Halafu pakawa kimya, na kimya kile kilikuwa changu. Kama ningesahau neno moja, ningelitafuta. Nilisahau kama yako maneno yoyote mbele yangu. Mikono ilikuwa inaning'inia, nyekundu kwa hina, haina kitu. Kisha vidole vikaanza kutembea vyenyewe. Vikashika pindo la leso yangu, vikalikunja, vikapitisha, vikavuta. Lakini leso ni kitambaa, haina ugumu, haina fundo. Vikalikunja tena. Nikasikia mtu akisema kwa sauti, "Anatafuta kuti lake!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata wazee. Hata watoto wa madirishani ambao hawakuelewa kitu.

Nilisimama pale sijui kwa muda gani, kisha nikahisi maji ya moto yakishuka miguuni. Mtoto wa miaka kumi, mbele ya Likoni nzima. Niseme yote nimalize.

Nyanya aliinuka kutoka kwenye mkeka wake. Akapita katikati ya watu, akafika mbele, mahali ambapo mwanamke hakuwa akifika siku zile, akaivua leso yake ya juu akanifunga kiunoni, akanishika mkono, tukatoka. Hakuaga mtu. Njia nzima hakunitajia jambo lile. Alinionyesha mbuzi aliyepanda juu ya pipa, akasema, "Mtazame yule mpumbavu."

Nyumbani alinikogesha akaniweka jamvini, akaingia jikoni kupika. Mimi, kwa mazoea tu, mkono ukauchukua ufito. Kunja, pitisha, vuta. Kwenye mkunjo wa tatu sura ikaja. Ikaja yote, aya baada ya aya, imenyooka, inanikimbilia mdomoni kuliko mikono inavyoweza kufuata. Nikawa naisoma kwa hasira, kwa kelele, machozi yananichuruzika, mpaka nikautupa ule ufito ukagonga ukuta. "Sitaki! Sitaki tena kusoma!" Nikageuka, nikamwona Nyanya amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, mchuzi unadondoka chini. Nilimngoja anikemee. Hakunikemea. Aliokota ufito, akauegemeza ukutani, akarudi jikoni.

Siku zilizofuata nilikuwa mgonjwa, ninakumbuka giza la chumba na harufu ya karafuu. Nilipoinuka, chuo kilikuwa kinakwisha. Mama za wasichana walikuja mmoja mmoja, kwa adabu zao zote, na kilo ya sukari mkononi. "Mwalimu, tunakushukuru, Mungu akulipe." Nyanya akipokea sukari, akiwaombea dua watoto. Baada ya mwezi jamvi lilikuwa na mtu mmoja, mimi, na sukari ilikuwa imejaa mtungi. Njiani watu walianza kusema, "Shikamoo, bibi." Mara ya kwanza nilipolisikia neno hilo nilitamani ardhi inimeze. Mimi ndiye niliyekifunga chuo kile. Hakuna aliyenitamkia, lakini nililijua, na nililibeba kwa miaka kumi na zaidi.

Ajabu yake, Nyanya hakuniacha. Kuanzia mwezi huo alianza kunitesa, au ndivyo nilivyoona. Ninachagua mchele, mikono yote imo kwenye ungo, yeye anasema, "Hebu anza ile sura." Nikianza kwa uvivu ananiacha niende aya tano, kumi. "Basi, inatosha." Kesho yake ninaosha vyombo. "Anza." Kesho kutwa nimebeba ndoo kichwani. "Anza." Kisha siku moja akanitoa uani mikono mitupu kabisa, akanisimamisha mbele ya banda la kuku.

"Wasomee kuku."

"Nyanya!"

"Watakucheka? Wasomee."

Nikawasomea kuku. Nilikwama aya ya nne, vidole vikaanza kuhangaika. Yeye ameketi kwenye kibao anakuna nazi wala hanitazami. "Rudi nyuma kidogo," akasema, na kwa mara ya kwanza hakutaja fundo. Nikarudi. Tukaenda hivyo wiki nzima, na kuku, Mungu awabariki, hawakutoa maoni. Baada ya kuku tukaenda kwenye foleni ya kivuko, ninasoma kwa sauti ya chini yeye amenishika bega, watu wanasukumana na mizigo yao hakuna anayetusikiliza. Baada ya kivuko tukaenda Chaani kwa shangazi, nikasoma wima sebuleni, msikilizaji shangazi peke yake na mtoto wake mchanga. Baadaye shangazi na jirani yake. Baadaye shangazi na jirani zake sita wa kutoka bara, ambao hawakujua hata ninasoma nini lakini walinipigia makofi mpaka nikaona haya. Iliendelea mwaka mzima na ushei. Nilinung'unika, nililia, nilimshtaki kwa mamangu. "Ananiadhibu," nilimwambia, "kwa sababu ya chuo chake." Mamangu alinitazama, akamtazama Nyanya, akanikatia mkate.

Nikakua. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaenda chuo cha ualimu huko bara, kwenye baridi ya kukata masikio. Tulikuwa na mhadhiri wa saikolojia, mzee mpole, Kiswahili chake kinapanda milima na kushuka, na alipenda kutufanyia majaribio. Siku moja akatutoa nje, akatukalisha kwenye majani, akatusomea maneno ishirini mara tatu tuyakariri. Kisha akatugawa. Nusu wakabaki pale pale majanini waandike wanayoyakumbuka, nusu tukaingia darasani. Mimi nilikuwa wa darasani. Walioketi majanini walitushinda mbali.

"Si kwamba nyinyi ni wajinga," akatuambia, na darasa likacheka. "Mtu akijifunza jambo, hajifunzi jambo hilo tu. Hulishika pamoja na mahali alipo, na mkao wake, na kile anachokifanya wakati huo. Ukimwondolea hivyo vyote siku ya mtihani, umemwondolea ngazi aliyopandia." Mtu mmoja akauliza dawa yake nini. "Afanye mazoezi mahali pengi," akasema, "katika hali nyingi, aanze na zisizomtisha. Kidogo kidogo maarifa huachana na mahali, yakawa yake."

Niliweka kalamu chini. Niliona foleni ya kivuko. Niliona wale kuku. Mungu wangu, niliwaona wale kuku! Nikaomba ruhusa, nikatoka nje, nikaegemea ukuta wa maktaba, nikawa nacheka na kulia kwa wakati mmoja mpaka mpishi wa chuo akaja kuniuliza kama nimefiwa. Mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake kwa herufi za kizungu alinifanyia somo lile lote bila daftari. Hakuwa akiniadhibu. Alikuwa akinitibu.

Lakini furaha ile haikukaa peke yake, hasira nayo ikaja. Maana kama ni hivyo, basi hatukushindwa. Tulipimwa kwa kipimo cha wengine. Wasichana wa Nyanya walijua, ila walijua na makuti mikononi, na walinyang'anywa makuti. Likizo ilipofika sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilivuka kivuko na begi langu, nikapinda njia ya msikitini, nikaingia madrasa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ndani ya basi usiku mzima.

Ustadhi alikuwa amezeeka kidogo, ndevu zimeingia chumvi, kanzu haisimami tena kama zamani. Madawati yalikuwa yamechorwa kwa visu. Nikamwamkia, akaitikia, akanitambua, akanipa kiti. Sikumpa nafasi. Nikamwaga yote, la kuti, la mikono, la majani ya chuo cha ualimu na maneno ishirini. Nikamwambia kwamba ule mtihani haukuwa wa haki, na kwamba bibi yangu alinyang'anywa jina lake na watu wasiojua maana ya kujifunza.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, hayo ya chuoni kwenu siyajui. Mimi niliviona vidole vyako tu. Wenzangu walicheka, mimi niliviona vinashona. Nikasema, huyu mtoto sura anayo."

Nikaliweka begi langu chini.

"Siku ya tatu nikaenda kwa Mwalimu." Yeye bado alimwita Mwalimu. "Nikamwambia, nitakuja na wazee wawili wa kamati, tukae hapa uani, mtoto ashone na asome. Akimaliza, mimi mwenyewe nitasimama Ijumaa niseme kwamba chuo hiki kisiguswe. Nilikwisha kuzungumza nao, walikuwa wamekubali. Ilikuwa imebaki kauli yake."

"Akasemaje?"

"Alikataa. Aliniambia, waambie wachukue watoto." Akakitazama kiganja chake. "Na akataka ahadi yangu nisikwambie wewe. Nimeishika miaka yote hii. Lakini sasa umekuja kwangu mwalimu mwenzangu, na umekuja na hasira, na hasira hiyo si yangu kuibeba."

Sikumbuki kama nilimuaga. Nilikwenda nyumbani nimebeba begi kwa mikono miwili. Nyanya alikuwa uani, macho yamepungua nguvu, anachambua majani kwa kupapasa. Aliujua mwendo wangu.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Umekonda. Huko bara hawali?"

Nikaketi chini mbele yake. "Nyanya, ustadhi alikuja. Siku ya tatu. Alikuja kukuachia chuo chako."

Akaendelea kuchambua. "Ana mdomo yule kijana."

"Ningesoma. Ulinisikia siku ile ile, ulikuwa umesimama pale mlangoni. Ungeniweka hapa jamvini na ufito, ningesoma mpaka mwisho, na chuo kingebaki. Ulijua. Kwa nini ulikataa?" Sauti yangu ilikuwa imepanda, na mimi sikuwahi kumpandishia Nyanya sauti. "Miaka yote hii najiona mimi ndiye niliyekufungia!"

Hapo akayaweka majani chini. Akapapasa hewani mpaka akalipata goti langu.

"Ulikuwa huli," akasema. "Siku tatu huli. Usiku unakojoa, unaamka unalia, 'sijui, Nyanya, sijui.' Nikitaja jina la sura tu, unatetemeka. Ndipo anakuja ustadhi na kanzu yake, ati alete wazee wakuketie mbele." Akatikisa kichwa, na nikaona bado amekasirika, baada ya miaka yote ile. "Ungesoma, najua ungesoma. Na je, ungekwama? Ningekuokota wapi mara ya pili? Wasichana walikuwa na pa kwenda kusoma. Wewe ungekwenda wapi? Nikusimamishe mbele ya watu, mwanangu, ili mimi niitwe Mwalimu?"

Nililaza kichwa mapajani pake, juu ya yale majani mabichi, nikalia kwa sauti, na yeye akaniacha nilie mpaka nikamaliza.